Mlinzi wa Kivuko cha Tanurini

Kwa miaka ishirini na sita Tseng A-luan aliweza kuusimamisha mji wa Kaohsiung kwa mkono mmoja. Kengele ikilia kibandani mwake, alivaa kofia, akachukua bendera, akatoka na kuzungusha gurudumu la chuma. Vizuizi viwili vyenye mistari myekundu na myeupe vilishuka, na kila mtu akasimama: pikipiki zaidi ya mia zikinguruma, lori la nguruwe, gari la bibi harusi, wanafunzi waliochelewa, hata diwani mmoja aliyezoea kupiga honi kama mwenye kichaa.

"We mama, fungua bwana! Treni yenyewe mbona haionekani?"

"Ukiiona utakuwa umeshakufa," A-luan alijibu bila kugeuka.

Kazi hiyo aliirithi kwa bahati mbaya. Mume wake alikuwa fundi wa reli, akafa kwa ugonjwa wa ini mwaka 1977, akamwachia binti wa miaka mitatu. Wakubwa wa reli wakamtafutia mjane nafasi: kibanda cha ukubwa wa kitanda, simu moja, birika moja, na kivuko ambacho watu walikiita Tanurini kwa sababu zamani palikuwa na tanuri la matofali.

Reli iliukata mtaa vipande viwili. Kusini waliishi watu wa Mbele, wenye maduka, sinema na kliniki. Kaskazini waliishi watu wa Nyuma, na A-luan alikuwa mmoja wao. Mzazi wa Mbele akisikia binti yake anaposwa na kijana wa Nyuma, alikosa usingizi. Hata mboga zilisemwa: za Mbele ni freshi, za Nyuma zimelala. Mtu wa Mbele pekee aliyemjali A-luan alikuwa Kim-tho, mwanamke muuza uji wa wali na samaki aliyeweka meza zake hatua ishirini kutoka kwenye kizuizi. Kila asubuhi, kati ya treni ya saa moja na ile ya saa moja na robo, alivuka na bakuli linalofuka moshi.

"Kula haraka, mke wa serikali, kabla treni yako haijaja kukutongoza."

Mwaka 2004 magoti ya A-luan yakakataa kusimama. Binti yake, Hui-chun, alikuwa ameolewa Taitung, upande wa pili wa milima, na mkulima wa matopetope. A-luan akafunga mizigo akaenda, usiku, kwa lori la mkwewe. Huko alijifunza kufunika matunda kwa mifuko ya karatasi, na akasahau kuamka akisikia kengele. Majirani walipomuuliza mjini kukoje, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mji? Mji ni kusubiri. Unasubiri taa, unasubiri treni, unasubiri moshi upungue ndipo uanike nguo. Na mto wao unanuka. Hamjakosa kitu."

Hakurudi. Alisikia kwenye televisheni kwamba reli ya Kaohsiung inachimbiwa chini ya ardhi, akapiga mwayo. Serikali husema mengi. Alisikia tena kwamba imekamilika, vivuko vyote vimeondolewa kwa siku moja. Siku hiyo alikuwa na matopetope ya kupanga kwenye maboksi, akaendelea kupanga.

Ni Kim-tho aliyemtoa. Alimpigia simu baada ya mwaka mpya wa 2023, sauti ikiwa imekwaruza kwa uzee.

"A-luan, we uko hai?"

"Niko hai. Unataka nini?"

"Njoo uone mtaa wako. Mimi nauona kila siku na bado siuamini. Nikimwambia mtu hapa hanielewi, wote ni wageni. Nataka mtu wa kushangaa naye."

Basi Hui-chun akamkatia mama yake tiketi kwa simu, akampa boksi la matopetope na sanduku la wali na nyama, akamkalisha dirishani. A-luan akiwa na miaka sabini na mbili alitulia kwenye kiti akagundua jambo lililomchekesha. Maisha yake yote alizitazama treni, lakini safari za mbali alizopanda zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwake msafiri alikuwa mtu wa kufumba na kufumbua: kichwa kilichosinzia kwenye kioo, mkono wa mtoto, mdomo unaotafuna. Leo mdomo unaotafuna ulikuwa wake.

Treni ikaingia milimani. Giza, mwanga, giza, mwanga, na kila mwanga ulileta bahari, buluu isiyo na mwisho, iliyo chini kabisa ya reli kiasi kwamba alikamata mkono wa kiti. Kwa miaka zaidi ya kumi treni hizi zilipita mbele yake zikitoka huku, zimeloweka madirisha yao kwa bahari hii, na hakuna aliyemwambia.

"Bibi, hujambo?" aliuliza binti aliyekaa pembeni, mwanafunzi mwenye vifaa vya kusikilizia muziki shingoni. "Mbona unalia?"

"Silii. Natazama."

Kisha ukaja uwanda wa Pingtung, mabwawa ya samaki na mipopoo iliyosimama wima. Hapo alianza kuviona vivuko. Havikuwa na walinzi tena, vizuizi vilijishusha vyenyewe. Kwenye kimoja alimwona mwanamke juu ya pikipiki, mtoto amesimama mbele katikati ya mikono yake. Wakatazamana naye, kisha wakapotea. A-luan alihisi kama amejiona mwenyewe kutoka upande ambao hakuwahi kusimama.

Walipovuka mto mkubwa alijiweka sawa, akafuta kioo kwa kiganja. Hakutaka kupitwa na Tanurini. Treni ikazama gizani. Akadhani ni handaki jingine, akasubiri mwanga. Mwanga haukuja. Ukaja mlio wa kengele na sauti ya kutangaza kituo.

"Hapa ni wapi?" alimuuliza binti.

"Kaohsiung, bibi. Tumefika."

"Haiwezekani. Hatujapita Tanurini."

Binti akatazama ramani kwenye simu yake. "Tumepita. Dakika tatu zilizopita. Ilikuwa juu yetu."

A-luan akabaki ameshika boksi lake. Kivuko alichokilinda miaka ishirini na sita alikuwa amekipita kwa chini, na hata mguu wake haukumwambia.

Alipandishwa na ngazi zinazotembea, moja, mbili, tatu, mpaka akatokea chini ya paa lililopinda kama mawimbi, nyasi zimeota juu yake. Kim-tho alikuwa anamsubiri, mfupi kuliko zamani, nywele amezitia rangi nyeusi tii.

"Umezeeka, shoga," alisema Kim-tho.

"Na wewe umejipaka rangi ya viatu kichwani."

Wakashikana mikono wakacheka mpaka watu wakageuka. Kisha A-luan akaliona jengo la kituo cha zamani, lile lenye paa kama kofia ya mtawala, limesimama katikati ya kila kitu. Macho yakamtoka.

"Si walilisogeza kando kabla sijaondoka? Nilikuja kuliona mwenyewe likivutwa!"

"Wamelirudisha. Wakaliinua lote, matofali, vigae na njiwa wake, likatembea polepole kuliko konokono. Nilikuja kila siku na kigoda changu. Siku nyingine lilisogea kidogo tu, na mimi nimekaa nalitazama kama mtu anayetazama mtoto akijifunza kutembea."

Wakaenda kwa miguu kuelekea Tanurini. Pale zilipokuwa reli palikuwa na bustani ndefu, nyembamba, iliyonyooka kama reli zenyewe, ikiendelea mpaka macho yanachoka. Watu waliendesha baiskeli. Mzee mmoja alimtembeza kobe wake mkubwa kwa kamba. A-luan alitembea taratibu, akikanyaga nyasi kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kilichomtisha ni ukimya. Alikuwa na masikio yaliyozoea kelele za mahali hapa, na sasa yalitafuta yasipate kitu.

"Kibanda chako kilikuwa hapa," alisema Kim-tho, akigonga mwavuli wake chini karibu na benchi.

"Acha uongo. Kilikuwa kule."

"Mimi nilileta uji hapa miaka ishirini na sita!"

"Na mimi niliunywa! Kutoka kwenye mlango wangu niliona joka la pembe ya paa la hekalu na nguzo ya simu kwa pamoja."

Nguzo ya simu haikuwepo. Hekalu lilikuwepo, lakini limebanwa na jengo la ghorofa thelathini. A-luan akarudi nyuma hatua moja, akaenda kushoto, akakunja shingo, mpaka lile joka likatokeza pembeni ya ghorofa. "Hapa," alisema. Kim-tho akaangalia, akapima na benchi lake, akakubali kwa kusonya.

Msichana aliyekuwa anamnywesha mbwa maji akawasikia. "Samahani, mnatafuta nini?"

"Reli," alisema Kim-tho. "We mwanangu unakaa Mbele au Nyuma?"

"Mbele ya nini?"

Wale wazee wawili wakatazamana. A-luan alihisi nywele za shingoni zikimsimama. Neno lililowanyima watu wachumba, lililomfanya yeye ashushe macho kila alipoingia duka la vitambaa la upande wa pili, lilikuwa limekufa na hata kaburi halina. Msichana yule hakulijua. Alisubiri jibu kwa adabu, kisha mbwa akamvuta wakaenda.

"Usidhani kila kitu ni asali," alisema Kim-tho wakiwa wamekaa. "Kodi imepanda, mimi nimesukumwa kwenye kichochoro. Wanaokaa humo ghorofani hawasalimii. Wanaagiza uji kwa simu, anakuja kuuchukua kijana wa pikipiki, sijui hata nani anaula."

A-luan alitaka kujibu, ndipo king'ora kikasikika. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja kutoka kaskazini, kwa kasi. Kabla hajajua anachofanya, A-luan alikuwa amesimama, mkono wa kulia umeinuka, anatazama kulia, anatazama kushoto, anatafuta treni. Gari likafika pale palipokuwa na kizuizi. Halikupunguza mwendo. Likapita mbele yao kama pumzi, likaingia upande wa pili, king'ora kikafifia kuelekea hospitali.

A-luan hakukaa. Alivua kofia yake ya jua akaishika kifuani.

"Una nini wewe?" aliuliza Kim-tho.

"Unamkumbuka mzee Pan, fundi baiskeli?"

"Yule wa Nyuma? Alikufa kwa moyo."

"Alifia kwenye kizuizi changu. Mwaka themanini na saba, mwezi wa saba. Treni ya saruji iliharibika ikasimama juu ya kivuko, mabehewa arobaini. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wetu, naye yumo ndani. Mke wake alishuka akanishika shati. 'A-luan, fungua.' Nifungue nini? Ukuta wa chuma! Nilipiga simu, nikapunga bendera, nikapiga kelele. Dakika ishirini na mbili. Niliziangalia zote kwenye saa ya kibandani."

Kim-tho aliuweka mwavuli wake chini.

"Baada ya mazishi nilimsubiri mkewe aje anitemee mate. Akaja na kikapu chake, akasimama kwenye kizuizi kama watu wote. Nilipofungua, akaniinamia kichwa akaenda sokoni. Kila siku hivyo hivyo, miaka kumi na saba. Hakuniambia neno. Na mimi sikumwambia mtu."

"Miaka thelathini na sita umelibeba hilo, na mimi nakuletea uji kila asubuhi!"

"Ungeniambia nini?"

"Nisingekuambia kitu," alisema Kim-tho. "Ningekuongezea samaki."

A-luan akacheka huku machozi yanamtiririka. Akasogea mpaka katikati ya barabara ya waenda kwa miguu, pale ambapo zamani hakumruhusu mtu kusimama hata sekunde moja, akasimama. Mama na mtoto walimpita. Baiskeli tatu zikampita. Kijana aliyebeba kiti kichwani akampita. Hakuna aliyesubiri, na hakuna aliyejua kwamba hapa watu waliwahi kusubiri. Alitazama nyayo zao kama mtu anayetazama maji yakipasuka kutoka kwenye mwamba. Aliwaza saa zote ambazo mji huu ulikuwa umerudishiwa, mtu mmoja mmoja, dakika mbili, dakika tano, ishirini na mbili.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Akakaa sita, analala kwa Kim-tho kwenye godoro la sebuleni. Kila asubuhi walikwenda kutazama mahali pa kivuko kingine alichokijua, na kila mahali A-luan alisimama katikati. Hui-chun alipopiga simu kuuliza kama mama anaumwa, Kim-tho ndiye aliyepokea.

"Haumwi. Anavuka barabara."

Tangu mwaka ule, matopetope yakishavunwa, A-luan hupanda treni kwenda Kaohsiung. Jirani yake wa Taitung, mwenye shamba la mpunga, alimuuliza juzi kama bado mji ni kusubiri tu. A-luan alikuwa anakunja mifuko ya karatasi. Alianza kumweleza habari za ile bustani ndefu, akafika kwa msichana mwenye mbwa, akakwama. Akaweka mifuko chini, akanyoosha mikono yote miwili kadiri ilivyoweza kufika, akabaki hivyo, anatafuta neno.