Sindano Aliyoikataa Mama

Spiriti. Mwezi uliopita nesi wa zahanati moja huko Usa River alifuta paja la mwanangu kwa pamba yenye spiriti, na ile harufu kali iliponiingia puani, sikuwa tena mama wa mtu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimelala chali juu ya kitanda chembamba mjini Arusha, sindano zimesimama kichwani kama miiba ya nungunungu, na mama yangu ameketi kando anajikaza asilie. Nitawasimulia yote, ila mnivumilie, maana mimi nikianza habari za mama huwa sinyooki.

Nilikuwa na kifafa. Nakitaja hivyohivyo kwa jina kwa sababu kwetu Akeri, kwenye miteremko ya Meru, hakuna aliyekitaja. Majirani walisema "ule ugonjwa". Shangazi alisema "mambo yake". Baba, aliyekuwa fundi magari Ngarenaro na kurudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, hakusema kitu, aliniletea mkate.

Mimi mwenyewe nilichokijua kilikuwa kidogo. Mdomo ulijaa ladha ya chuma, kisha giza, kisha uso wa mama uko karibu mno na wangu, kitenge chake kimelowa mate yangu, na watu wengine wote wamesimama mbali. Na nikisema mbali, ni mbali hasa. Watu waliamini kuwa povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umeupata ugonjwa. Wengine waliogopa hata ushuzi: aliyeanguka akijamba, basi wote mliopo mmekwisha! Leo nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu jikoni. Siku zile lilinifanya nikae peke yangu kwenye dawati la watu watatu, huku wenzangu wamebanana mpaka viwiko vinagongana. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote, nafasi nilikuwa nayo.

Mama hakusimama mbali hata mara moja. Alinifuta povu kwa kiganja chake, akanilaza ubavu, akanisubiri. Ila kuna jambo nililoliona tangu mdogo na sikulielewa: kila nilipozinduka, mama alikuwa akiniomba msamaha. "Nisamehe mwanangu, nisamehe mama." Nilidhani ndivyo mama wote wanavyobembeleza watoto wao. Tukila loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, alinipakulia mimi kwanza, na kaka yangu alipolalamika kwamba bakuli langu lina maziwa mengi, alikaripiwa mpaka nikamwonea huruma. Nikamhurumia na mama pia. Alikuwa anakonda, na nilijua kabisa anayemkondesha ni mimi. Kila nilipopiga magoti kusali, nami nilimwomba Mungu anisamehe kwa kumwumiza mama yangu kwa kuangukaanguka.

Shangazi alikuwa na hadithi aliyopenda kuirudia. Eti nilipokuwa sijaanza hata kutembea, mama alinibeba kwenda Mto wa Mbu kununua mchele wa kuja kuuza. Huko nikapata homa, nikashikwa na degedege, macho yakapinduka, mwili ukakakamaa. "Ukatibiwa kienyeji, ukapona," shangazi alisema, "una bahati wewe!" Mama hakuwahi kuimalizia hadithi hiyo. Ikianzishwa tu, alikumbuka kuni, au kuku, au ndama ambaye muda wote alikuwa ametulia zake zizini.

Hospitali walinipa vidonge. Vilinipunguzia kuanguka lakini vilinitia usingizi, nikawa nasinzia darasani mchana kweupe. Mama hakutaka nipunguziwe, alitaka nipone, ugonjwa utoke wote mwilini uende zake. Ndipo mama mmoja wa kwaya akamletea habari kwamba mjini, pale Themi, yupo daktari Mchina anayetibu kwa sindano nyembamba kama nywele, hazina dawa ndani, zinachomwa tu na kuachwa, na kifafa kinatoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama yangu alikuwa mwoga wa sindano kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Siku ya chanjo alimtuma shangazi. Nesi akishika bomba la sindano, mama aligeuza uso ukutani. Lakini aliposikia habari ya Mchina alisimama pale pale, akafuta mikono, akauliza nauli ni kiasi gani.

Tukawa tunakwenda kila Jumatano. Chumba kilikuwa ghorofani, kina pazia jeupe na picha ya mtu mwenye vidoti mwili mzima. Daktari alikuwa mzee mpole asiyejua Kiswahili zaidi ya "pole" na "bado", na maneno hayo mawili yalimtosha kwa kazi yake. Mengine alitafsiriwa na msaidizi wake, dada Happy, binti wa Kimeru aliyependa kutafuna bigijii. Siku ya kwanza niliogopa mpaka meno yakagongana. Mama akamgeukia dada Happy.

"Mwambie aanze na mimi."

"Mama, kwani na wewe unaumwa?"

"Ndiyo. Achome."

Daktari akacheka kidogo, akamchoma mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mama hakugeuza uso ukutani. Aliitazama ile sindano inavyoingia, akaitazama ilivyosimama, kisha akasema, "Na nyingine." Nilimwona shujaa. Niliamini anafanya vile kunitia moyo, basi nami nikalala, nikachomwa kichwani, mikononi na miguuni, na kwa kweli haikuuma sana.

Kilichonishangaza kilifuata. Daktari aliwasha kijiti kinene cha majani makavu, akakipitisha karibu na tumbo langu bila kunigusa, chumba kikajaa moshi mzito. Mama akainuka, akatoka mbio. Nilimsikia kwenye ngazi akilia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa. Aliporudi, macho mekundu, alisema ni moshi. Kila Jumatano kijiti kilipowashwa, mama alikwenda kwenye ngazi. Nikamwambia dada Happy amwombe daktari aache moshi, unamwumiza mama yangu macho.

Daktari alikuwa ameagiza jambo moja, na dada Happy alilitafsiri wazi, nami nilisikia: vidonge vya hospitali niendelee navyo, nisiache hata siku moja. Mama akaitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavichomeka juu darini. Kwetu iliaminika kwamba dawa mbili zikikutana kwenye damu zinapigana, na anayeumia ni mgonjwa. Mama alichagua sindano. Nikaacha kusinzia, nikapata nguvu, nikaimba, na mama akaanza kunenepa. Alimwambia kila mtu kwamba mwanawe amepona. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, maana hatimaye nilikuwa nimeacha kumwumiza.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Mnajua kanisani kwetu ibada ikiisha kunakuwa na mnada nje: ndizi, mayai, kuku waliofungwa miguu, maboga, kila mtu amemtolea Mungu alichovuna. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua mkungu wa ndizi wa mama, mshare safi, watu wakashindana kwa vicheko. Nilikuwa nimesimama mbele, nimevaa gauni jipya. Mdomo ukajaa ladha ya chuma.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya ule mkungu, gauni limelowa, nimejing'ata ulimi. Uwanja ulikuwa umefunguka duara kubwa, na ndani ya duara tulikuwa mimi, mama na jogoo mmoja aliyeshindwa kukimbia kwa sababu ya kamba. Mama alikuwa amelala chini kabisa, ubavu kwa ubavu nami, na nguo zake za ibada, ananiambia nisamehe, nisamehe. Mkungu ule haukupata mnunuzi tena. Mama aliununua mwenyewe, na tukala mshare wiki nzima mpaka kaka akaapa hataki kuiona ndizi maishani.

Tukarudi hospitali. Daktari kijana alimsikiliza mama habari za darini, akashika kichwa, lakini hakugomba. Alituambia kwamba vidonge vikiachwa ghafla, kifafa hurudi kwa kishindo, na zile sindano za Themi hazijathibitishwa kuondoa kifafa. Kisha akaanza kuuliza, maana, alisema, kifafa kina vyanzo vingi. Uzazi ulikuwa mgumu? Mtoto aliwahi kuanguka akaumia kichwa? Kwenye ukoo yupo mwenye kifafa? Anakula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri? Mama alijibu yote vizuri. Kisha akaulizwa, "Alipokuwa mdogo aliwahi kupata homa kali, degedege?"

"Hapana," mama alisema.

Nilimtazama. Nilifungua mdomo nimkumbushe hadithi ya shangazi, akanibana kiganja kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nikanyamaza, nikadhani amesahau. Tangu siku hiyo nilimeza vidonge vyangu bila kukosa, navimeza mpaka leo, na nina miaka mingi sijaanguka. Mama hakuanza tena kunenepa.

Basi, ni mwezi uliopita. Naishi Lemara sasa, na nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, nikiwa na binti yangu Gloria, anayejifunza kusimama. Tulikuwa tumetoka kumtembelea shemeji bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, na mtoto alikuwa na joto tangu jana yake. Mchana, mikononi mwangu, macho yake yakapinduka. Mimi niliyeanguka utoto mzima sikuwa nimewahi kuona mtu akianguka! Nikabaki naita Yesu. Aliyemnyakua mtoto ni mama. Siku hizi mguu wake mbovu, anatembelea fimbo, lakini fimbo akaitupa, akasimama katikati ya barabara na kuizuia bodaboda kwa mwili wake.

Tulipofika zahanati mtoto alikuwa ameacha kutetemeka, amelegea, kimya. Wakapima damu, malaria. Nesi akasema atampa sindano ya kwanza hapo hapo, kisha apelekwe hospitali ya wilaya, gari linaitwa. Akapaka spiriti. Mama akalishika paja la Gloria kwa mikono yote miwili, akamkazia macho nesi.

"Mchome. Usimsikilize mtu, mchome."

Gloria akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Mama akaketi chini kwenye sakafu.

"Analia," akasema. "Naomi, sikia anavyolia. Wewe hukulia."

Ndipo akaimalizia hadithi ya shangazi. Kule Mto wa Mbu zahanati ilikuwa karibu. Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba. Lakini mama alikuwa ameambiwa tangu usichana, na kila mwanamke aliyemjua alikuwa ameambiwa, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Akaninyakua kitandani. Nesi akamfuata mpaka nje, akamshika kitenge, akamsihi, kitenge kikamponyoka, mama akakimbia. Akanipeleka kwa bibi mmoja, nikafukizwa kwa mavi ya tembo yaliyokauka, mchana kutwa, kwenye chumba kilichojaa moshi, nisilie hata mara moja.

Moshi. Niliuona tena ule wa Themi, na ngazi, na kilio. Nilimwona akimwambia Mchina achome, aongeze nyingine. Nikamwambia kwamba hakuna daktari anayeweza kusema kwa hakika kifafa changu kilitoka wapi, kwamba watoto wengi hupata degedege na hawaambulii kifafa, kwamba huenda ningeumwa vilevile. Ni kweli, niliulizia baadaye, na ndivyo madaktari walivyonijibu.

"Usinifariji," mama akasema. "Ile sindano ilikuwa tayari."

Jamani! Miaka yote ile mimi nilipiga magoti upande huu wa ukuta kuomba nisamehewe kwa kumwumiza, naye upande wa pili aliomba asamehewe kwa kuniumiza, na tulikuwa tunalala nyumba moja. Nikaketi naye sakafuni. Nikamwambia maneno aliyoniambia yeye kila nilipozinduka, nisamehe mama, akanitazama kama mtu anayeweweseka.

Gloria alikuwa amechoka kulia, kope zinafumba. Gari lilikuwa halijafika. Mama akasogea, akaweka sikio lake karibu na pua ya mtoto, akasikiliza. Kisha akamfinya kidole cha mguu, taratibu, alie tena kidogo.