Inazima Nikitoka

Kompyuta ile niliijenga kwa mikono yangu, kwenye meza ya chakula ya mama, nyumbani Uriri. Ilipowaka kwa mara ya kwanza nilipiga ukelele hadi kuku wakatawanyika uani. Feni zilizunguka! Taa ya bluu iliwaka! Skrini ikaniuliza nataka lugha gani, nami nilikuwa tayari kuijibu kwa lugha zote ninazozijua. Mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeumwa na nyoka.

"Imewaka!" nikamwambia.

"Yawa," akasema, akashusha mwiko. "Sasa unalia nini?"

Sikuwa nalia. Haya, nilikuwa nalia kidogo. Ungekuwa wewe ungelia pia. Ofisi niliyokuwa nachora matangazo Nairobi ilikuwa imefungwa, nikarudi nyumbani na begi moja na katoni la vipuri nilivyokuwa nanunua kimoja kimoja kwa muda mrefu. Kisha studio moja ya katuni ikanipa jaribio: nitengeneze filamu fupi ya kiboko anayeogopa maji. Wakiipenda, wataniajiri, na nitafanya kazi nikiwa popote ninapotaka. Wasipoipenda, narudi Nairobi kubisha milango. Rafiki yangu alikuwa ameniwekea nafasi ya godoro kwake hadi mwisho wa mwezi, basi.

Kwa hiyo begi langu lilikaa kando ya mlango wa chumba bila kufunguliwa. Mama hakuwahi kulitaja. Kila asubuhi alifagia akilizunguka, na alifagia pale kwa nguvu kuliko mahali pengine pote.

Studio walitaka kazi Jumamosi mchana. Lakini kwetu Jumamosi haipo. Mama ni Msabato wa kweli, na Ijumaa jua likizama hakuna jiko linalowashwa, hakuna sindano inayoguswa, na kompyuta ndiyo kabisa. Usimwambie kwamba mashine inafanya kazi yenyewe na wewe umekaa tu, atakuuliza nani aliiwasha. Hivyo siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa, magharibi.

Inafaa nikueleze kidogo kuhusu mama. Ni Mkuria wa upande wa Isebania, na baba alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, kwa hiyo nyumba yetu ilikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wake. Baba alipofariki alimwachia mama ile "yawa" yake ya Kijaluo, naye hajaiacha mpaka leo. Mama hufuma vitambaa vya krosheti. Kila kitu katika ile nyumba kimevaa: makochi, televisheni, redio, chupa ya chai, hata pipa la maji. Ana sheria yake, kwamba kitu kikishavaa kitambaa ni cha nyumba hii. Havalishi kitu cha kupita. Kiti cha plastiki nilichojinunulia sokoni ili nikae mbele ya kompyuta kilikuwa uchi tangu siku ya kwanza, na sikushangaa.

Basi, Jumanne nikaanza kurenda. Kurenda ni pale kompyuta inapokaa na picha zako zote na kuzichora upya moja baada ya nyingine hadi ziwe filamu. Ni kazi ya saa nyingi na prosesa, ule ubongo wa mashine, hutoka jasho. Nilikuwa nimeweka namba kubwa pembeni mwa skrini inayoonyesha joto lake. Sabini na tano, sawa. Themanini na tano, eh. Nikapepesa macho na ilikuwa tisini na nane, kisha skrini ikawa nyeusi, kimya, kama mtu amekata umeme.

Nikampigia fundi wa Migori aliyeniuzia kipoza joto, kile chuma chenye feni kinachokalia prosesa.

"Dada, hiyo ni joto ya kwenu tu," akasema. "Weka barafu kwa chumba."

"Weka barafu kwa kichwa chako!" nikamjibu, nikakata simu. Nina hasira za karibu, kila mtu Uriri anajua.

Nikafungua kasha la kompyuta. Nikazungusha skrubu nne, nikang'oa kipoza, nikakigeuza, na hapo nikaiona. Karatasi ya nailoni! Ile nyembamba, inayoonekana kwa shida, iliyobandikwa chini ya chuma kutoka kiwandani. Imeandikwa ITOLEWE, kwa herufi nyekundu. Mimi, mtu wa kompyuta, niliyewacheka watu wanaokaa kwenye kochi jipya miaka mitatu bila kutoa nailoni, nilikuwa nimekalisha chuma changu juu ya nailoni. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Nikaibandua, nikasafisha, nikapaka pesti mpya ya kijivu ya kupitisha joto kiasi cha punje ya harage, nikafunga. Sitini na tisa! Nikacheza ohangla, ngoma ya kina baba, peke yangu pale sebuleni, mama akinipigia makofi kwa mifuniko ya sufuria.

Nikaanza kurenda tena na kwenda Migori kununua bando za simu. Niliporudi mashine ilikuwa imezima.

Wacha nikuambie, kulikuwa na maneno niliyotaka kuyasema ambayo hayasemwi kwa mama. Nikafungua kasha tena. Safari hii nikachana tishu, nikaishika mbele ya kila feni nione upepo unakwenda wapi. Ya nyuma ilisukuma hewa nje, vizuri. Ya mbele nayo ilisukuma nje! Nilikuwa nimeifunga kinyume, hewa haina pa kuingilia. Nikaigeuza. Nikakaa mbele ya mashine alasiri nzima na kikombe cha uji, nikiangalia namba. Sitini na sita. Sitini na saba. Sitini na sita. Nilikuwa na furaha hata nikaanza kuisemesha, nikiiita mpenzi.

Usiku umeme wetu hukatikakatika, kwa hiyo niliizima, Alhamisi asubuhi nikaanza kurenda upya, nikaiacha ikifanya kazi, nikaenda shambani kumsaidia mama mdogo kuvuna mahindi. Kurudi, imezima. Na kila ikizima, filamu inaharibika na kazi inaanza upya.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kufokafoka. Nikiwa nimekaa, iko salama. Nikiondoka, inachemka. Mashine gani hii inayonikosa mpaka inazimia? Nikashuku umeme, kwamba labda hushuka wakati watu wote wanapika. Nikashuku paka anayependa kulala mahali penye joto. Nikamwuliza mama kama aliona lolote.

"Mimi?" akasema, akiinamia mboga. "Mimi niko jikoni tu."

Ijumaa asubuhi nikaamua kuwa mpelelezi. Nilianza kurenda, nikajitanda leso, nikatangaza kwa sauti ya muuza samaki, "Mama, naenda Migori! Nitachelewa!" Nikabamiza geti. Kisha nikaruka ua wa michongoma upande wa ndizi, nikakwaruzwa vibaya, nikanyata hadi chini ya dirisha la sebule. Namba ilionekana vizuri kabisa. Sitini na saba. Moyo ulinidunda kama wa mwizi.

Mama akaingia. Alitazama mlango, akatazama kompyuta, akatoa kitu chini ya mto wa kochi.

Yawa!

Lilikuwa gauni. Sina neno jingine. Krosheti nyeupe yenye mistari ya kijani, iliyofumwa kwa uzi mara mbili, na marinda kuzunguka chini, na tundu dogo la duara mahali pa kitufe cha kuwashia. Akalivisha kasha taratibu kutoka juu mpaka chini, akavuta pembe zikae sawa, jinsi alivyokuwa akinivisha mimi sare ya shule. Likalikaa kasha sawasawa. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono kiunoni, akatabasamu. Kisha akachukua sindano yake, akakaa kwenye kochi, akaanza kumalizia rinda la upande wa nyuma huku gauni likiwa mwilini.

Themanini. Themanini na nane. Tisini na tatu.

"Mama, vua! Vua hiyo nguo!" Niliingia kupitia dirishani. Sikumbuki nilivyopita. Mama alipiga yowe, nami nikalivuta lile gauni juu kwa mikono miwili, na joto lililotoka lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya ugali. Ndani alikuwa amelishonea kitambaa cha mwavuli wa zamani, vumbi la barabarani lisipite. Vumbi lisingepita, kweli. Hata pumzi isingepita. Namba ikasimama tisini na sita, ikatetemeka pale, ikaanza kushuka. Haikuzima! Haikuzima, nakuambia! Nilirukaruka na lile gauni mkononi kama mtu aliyeokoa mtoto kisimani.

Mama alikuwa bado ameshika kifua.

"Ndio unaniua sasa," akasema.

"Mama, hii kitu inapumua! Hapa inavuta, hapa inatoa. Umeifunika pua na mdomo!"

"Inapumua?" Akainama, akaweka kiganja nyuma ya feni, akaisikia hewa ya moto. Akanywea. "Nami kila ikizima taa nilikuwa nasema imelala. Nikisikia geti, naivua haraka usione kabla haijaisha."

"Lakini kwa nini ufiche?"

Alinyoosha rinda moja kwa kidole.

"Nilitaka ivae kabla ya Sabato," akasema. "Kabla hao watu wako hawajajibu. Kitu kikishavaa hapa, hakiondoki."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kukasirika, nikashindwa kabisa. Huyu mwanamke alikuwa anataka nibaki kuliko mtu yeyote duniani, na wiki nzima alikuwa akiniharibia kazi ya kunibakiza, tundu kwa tundu. Nikamkumbatia na gauni likiwa katikati yetu.

"Basi tuipoze," akasema kwenye bega langu. "Jua linakwenda."

Tulifungua milango na madirisha yote. Mama akaleta ungo wa kupepetea mahindi, akavuta kigoda, akaipepea kompyuta mchana kutwa. Nilimwambia haina haja, feni zinatosha. Akaniambia nimwache afanye toba yake. Alipochoka mkono alipumzika kwa kulifumua lile gauni, akivuta uzi safu baada ya safu na kuuviringisha kuwa donge. Iliniuma kuona marinda yakiisha.

"Uzi wote huu nitaufanyia nini?" akauliza.

"Fuma kitu kingine."

"Kitu gani? Vyote vimevaa."

Akatazama kiti changu cha plastiki. Kisha akatazama begi langu pale mlangoni, akachukua ungo.

Jua lilikuwa limegusa miwa ya jirani filamu ilipokamilika. Nikaituma kwa bando za simu, na ule mstari wa kutuma ulitambaa, loo, ulitambaa! Mama alisimama mlangoni akinitangazia jua kama mtangazaji wa mpira. "Limebaki nusu! Limebaki ukucha!" Nilitaka kumwambia anyamaze nikashindwa kwa kicheko na hofu. Ikaandika: imetumwa. Nikazima mashine, na tukafungua Sabato kwa wimbo, mimi nikiwa nahema, mama na donge la uzi mfukoni mwa aproni.

Kesho yake kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Tukarudi, tukala chakula kilichopikwa jana, kimepoa, kitamu. Nilikuwa nalamba kidole simu iliponguruma mezani. Ulikuwa ujumbe mfupi kutoka studio. Walisema yule kiboko amewachekesha ofisi nzima, na wakauliza kama naweza kuanza Jumatatu, nikiwa hukohuko nyumbani.

Nilimpa mama simu, na kwa kuwa hakuwa na miwani alinirudishia, nikalazimika kusema kwa sauti, "Nabaki, Mama. Wamenichukua. Nabaki hapa!"

Alitoka nje. Nilimsikia akizunguka nyumba akimshukuru Mungu kwa Kikuria, mara moja, mara mbili. Aliporudi alikaa kizingitini, akaelekeza uso magharibi, akalitazama jua.

Sijawahi kumwona mtu akilitazama jua namna ile. Jana tulikuwa tunaliomba lisizame, leo alikuwa analiangalia kama lina deni naye. Mimi nilifungua begi langu, nikatundika nguo zangu chumbani, moja moja, nikiimba. Kisha nikaja kukaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, kuiangalia tu, maana kuiwasha ilikuwa bado marufuku.

"Bado?" nikamwuliza.

"Limebaki kidogo."

Likazama. Mama alifunga Sabato kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali, akasema amina akiwa tayari amesimama. Akaingia ndani na lile donge la uzi kwapani, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Simama kidogo," akasema. "Nipime hicho kiti."