Kususiwa: Neno Lililopita Vipimo Vyetu

Niliripoti kazini Dar es Salaam nikiwa na buibui jipya na shahada ya uzamivu iliyokunjwa vizuri ndani ya bahasha. Mkuu wa Idara ya Saikolojia, mtu wa bara asiyecheka kabla ya chai ya saa nne, alinitazama kama mtu aliyekosea mlango.

"Wewe ndiye mtafiti wa mambo ya mtandao?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na hao watu wa mtandao unawaonea wapi?"

"Kwenye kafe za intaneti."

"Sasa hapa unakaa kufanya nini?"

Ndivyo nilivyoanza. Zama hizo simu zilikuwa za kupigia tu, na aliyetaka mtandao alikwenda kukodi kompyuta. Nikarudi kwetu Bagamoyo, nikawa nashinda kwenye kafe za mjini nikiangalia vijana wanaingia na uso gani na wanatoka na uso gani. Nyumbani Kaole waliposikia nimekuwa daktari, walianza kuniletea watoto wenye kikohozi. Nilipoeleza kwamba mimi ni daktari wa kusoma, kwamba nachunguza jinsi mtandao unavyogusa furaha na huzuni za watu, shangazi yangu alisema, "Umbea huo, ila wako una ofisi." Nilicheka sana, maana hakuwa mbali na ukweli.

Ninyi mnaoingia kwenye fani hii leo mna programu za kila namna. Sisi tulikuwa na dodoso, yaani karatasi ya maswali, na ndani yake kipimo, yaani maswali yanayojibiwa kwa ngazi, kuanzia "hapana kabisa" hadi "ndiyo, sana". Vipimo vingi vilitoka ng'ambo. Mmoja wetu alivitafsiri kwa Kiswahili, mwingine akavirudisha kwenye lugha vilikotoka bila kuyaona maswali ya asili, kisha tukalinganisha. Vikilingana, tulipeana mikono.

Simu za kugusa zilipoenea hadi vijijini, nilipelekwa Mlingotini chini ya Mkurugenzi wa Utafiti, mama mkali ambaye kalamu nyekundu haikumtoka mkononi. Kazi ilikuwa kupima ustawi wa nafsi wa wanawake walio kwenye magurupu ya simu, yale ya kupangia shughuli za harusi na hitima. Swali letu kuu lilikuwa, "Je, unajihisi mpweke?" Majibu yakawa mamoja nyumba hadi nyumba.

"Mpweke? Mie? Nna ndugu mpaka Pangani!"

Nikiuliza kama wanajisikia vizuri, jibu ni "Alhamdulillahi, sijambo." Kwa kipimo chetu, Mlingotini ilikuwa pepo.

Mkurugenzi alifurahi. "Pwani hawana tatizo. Andika ripoti, tufunge mradi tuhamie kwingine."

"Mkurugenzi, kwetu hata mwenye homa akiulizwa hujambo hujibu sijambo. Ile ni adabu, haipimi kitu."

"Daktari, mimi nasoma data, sisomi adabu. Rudi mara moja tu. Ukija na haya haya, tunafunga."

Nilirudi nimekasirika, na hasira yangu siku zote imenifaa kazini. Dodoso nililiacha mkobani. Nilianza kwa mama mmoja nitakayemwita Mwanaidi, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa amekwisha kunijibu kwamba yeye si mpweke hata kidogo. Safari hii nilimuuliza tu habari za gurupu.

"Gurupu? Mie wamenitoa, Daktari."

Alikuwa amerekodi sauti ya kumwendea dada yake, akimteta mwenyekiti wa gurupu kwamba pilau lake siku hizi ni uji wenye nyama. Kidole kikateleza, sauti ikatua kwenye gurupu lenyewe. Mwenyekiti aliisikiliza mbele ya wageni wake.

"Njiani wananisalimu vizuri, wala situkanwi," alisema. "Ila wamenisusia. Hawaji kwangu, na nikiandika kwa mmoja mmoja hawajibu. Mwanangu anaolewa baada ya Idi. Nani atanipigia vigelegele?"

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Nilimwonea huruma, na papo hapo moyo ulinidunda kwa furaha ya kazi. Mpweke, kwa watu wetu, ni asiye na ndugu. Aliyesusiwa anao watu tele, nao wamempa kisogo. Tulikuwa tumeuliza ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Nikaandika swali jipya: "Je, umewahi kujiona umesusiwa kwenye simu?" Wanawake walewale waliokuwa hawajambo walinikalisha mikekani mwao nisiondoke. Huyu ujumbe wake ulisomwa ukanyamaziwa, yule picha ya mjukuu wake haikupata hata "mashaallah".

"Kususiwa si istilahi ya saikolojia," alisema Mkurugenzi.

"Itakuwa," nikamjibu.

Alisoma mahojiano yote mbele yangu, na kalamu nyekundu haikugusa karatasi. "Mradi unaendelea," alisema mwishoni. "Na neno hilo liwe kwenye kichwa cha ripoti." Liliwekwa. Baadaye vyuo vingine vilikuja kutuomba kipimo chetu, nami nilikigawa kwa majivuno makubwa.

Lakini mtafiti hudaiwa mrejesho, yaani kuwarudishia watu kile walichokuambia. Nilisimama mbele ya wanawake wa Mlingotini, nikaeleza bila kumtaja mtu. Mara mwenyekiti wa gurupu akainuka. Mwanaidi aliinamisha kichwa, nami nikajua nimeharibu.

"Tangu ile sauti ya pilau," alisema mwenyekiti, "kila ninachoandika mnanijibu kidole gumba. Nikadhani nyote mmeafikiana naye. Mie ndiye niliyesusiwa! Kumbe tumesusiana kijiji kizima." Ukumbi ukaangua kicheko. Akatoa simu kifuani, akamrudisha Mwanaidi kwenye gurupu hapo hapo.

Nimestaafu sasa. Tuzo zangu ziko sebuleni na nazipenda, sitajifanya mnyenyekevu uzeeni. Ila vijana wakiniuliza nilifanikiwa lini hasa, nawapeleka kwenye harusi ile ya baada ya Idi. Ua ulijaa hadi watu wakasimama barabarani, na mwenyekiti ndiye aliyeanzisha vigelegele. Mwanaidi alijaribu kuitikia, akaishia kulia tena. Safari hii sikuwa na swali la kumuuliza. Nilikaza mtandio nikapiga vigelegele kwa niaba yake.