Fundi wa Jezi Namba Kumi

Wifi yangu ana mkono mwepesi kuliko fundi yeyote mtaa huu. Suruali ya kupunguza urefu unamwachia ukienda sokoni, ukirudi unaikuta imekunjwa. Duka ni letu sote wawili: yeye cherehani, mimi pasi na vifungo. Maneno pia ni mimi, maana yeye si msemaji. Marehemu kaka yangu alimuoa akiwa kimya na akamwacha kimya.

Jezi za timu ya mji wetu zinapita kwetu. Namba na majina ya mgongoni anayapiga bandi tu, mishono mirefu ya mkono inayofumuka ukivuta uzi mmoja, kwa sababu timu haina uwezo wa kununua jezi mpya kila mchezaji anapoondoka. Na wanaondoka, jamani. Kijana akifunga mabao mawili tu, ile timu ya jiji kuu tunayoiita Matajiri inatuma gari kumchukua.

Jina moja tu ndilo alilolipitisha kwenye cherehani, mshono mara mbili: Kitinda, namba kumi. Ni kitindamimba wake, na mtaa mzima unamwita hivyo. Nilimwambia, "Wifi, hilo litakutoa jasho siku ya kulifumua." Akanijibu, "Sitalifumua."

Matajiri wakamchukua. Si kwamba walimhitaji. Washambuliaji walikuwa nao tele, wengine hata majina hawajuani. Walimchukua ili sisi tusiwe naye. Ndivyo ligi yetu ilivyokuwa, wao kikombe, sisi wengine tunang'ang'ania kutoshuka daraja. Timu ilipoidai ile jezi, wifi alikataa kuitoa, akawashonea nyingine kwa kitambaa chake mwenyewe.

Zamani hakuwa mtu wa kutazama mpira. Akaanza kuutazama, ila macho yake yako pale kamera inapopita benchi. "Huyo hapo," anasema, na kamera imeshapita. "Amekonda." Mimi namwambia hajakonda, ni kile kizibao walichomvisha. Mtoto akipiga simu, mama anamuuliza kama amekula, basi. Alikuwa anamtamani mwanawe mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake.

Halafu wakubwa wa ligi wakaona viwanja vinabaki vitupu, wakaweka kikomo cha mishahara: kila timu, iwe na hela isiwe nazo, jumla ya mishahara ya wachezaji wake isizidi kiwango kimoja. Tangazo lilinikuta na pasi mkononi, nikaunguza kola ya mwalimu mkuu. "Wifi," nikasema, "Matajiri lazima wapunguze watu, na wataanza na walio benchi. Mtoto anarudi."

Jioni ile aliitoa jezi kabatini, akaifua na kuianika, kisha akatandika shuka mpya chumba cha nyuma. Nami kwa kiherehere changu nikaenda kumpasha kocha wetu ajiandae.

Hesabu yangu ilikuwa ya kijinga. Ukitaka kupunguza mishahara unaanza na ile minono. Matajiri waliwaachia nyota wao, wale wa kwenye mabango, na mmoja wao, mshambuliaji mwenye kipara tunayemwita Babu, akaja kwetu kwa mshahara wa kawaida kabisa. Kitinda, aliyekuwa analipwa kidogo kuliko wote, wakambakiza. Na kwa kuwa nafasi sasa ilikuwa wazi, wakaanza kumchezesha.

Niliona haya kumtazama wifi. "Si anacheza?" akaniambia. "Ulitaka azeekee benchi?" Lakini zile shuka hakuzitoa kitandani.

Ligi ikanoga, hilo lazima niseme. Timu ya mkiani inaifunga ya juu, na huwezi tena kujua matokeo kabla maji ya chai hayajachemka. Uwanja wetu ukajaa, mashabiki wakaagiza jezi, cherehani ikawa haipoi. Mji mzima ulipata ulichokuwa unakililia, isipokuwa mwenye cherehani.

Ndipo Matajiri wakaja kucheza kwetu, na Kitinda akatufunga. Mimi, shangazi yake, sikujua nishangilie au nikae. Wifi alisimama peke yake katika jukwaa letu zima, mikono kifuani, na watu wakamwacha kwa sababu wanamjua. Mwishoni Babu akasawazisha, moja moja. Zamani tungepigwa tano.

Nje, basi la Matajiri lilikuwa limeshawasha injini. Kitinda akatujia mbio akiwa bado na jezi, imechanika kwapani, tundu la kupitisha vidole viwili.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mama yake akasema. "Hebu inua mkono."

"Acha tu, mama. Hizi tunazo nyingi, hii inatupwa."

"Inua mkono."

Wifi hatembei bila sindano na uzi. Vinakaa kwenye ukosi wa blauzi. Mpasuko kama ule, kwa mkono wake, unakwisha kabla hujapiga chafya. Siku hiyo alishona taratibu, uso karibu na ubavu wa mwanawe, kama mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza. Dereva akapiga honi. Wifi akafika mwisho, akautazama mshono. Nami niliutazama, na kasoro sikuiona.

"Haujakaa vizuri," akasema. Akaufumua wote, akaanza upya.

Kitinda alinitazama juu ya kichwa cha mama yake, mkono ungali hewani. Honi ikalia tena, safari hii ndefu.

"Shona tu, mama," akasema. "Watangoja."