Mshonaji na Mlango wa Karani

Siku kumi na tisa mshonaji mmoja alinisindikiza ofisi ya ardhi. Yeye ni wa dhehebu la Marafiki, wale Wakristo wanaosali kwa kunyamaza. Mimi nilikuwa nadai nyumba yangu, ambayo shemeji aliichukua kabla udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka. Tulikaa na wadai wengine kwenye benchi nje ya mlango wa karani, yeye akipachika vifungo kwenye nguo za wateja. Uzi ulipita kwenye sindano mara moja tu, bila kulambwa. Upole wake uliniudhi.

“Dada, wewe hukasiriki?”

Akacheka. “Nakushinda wewe, mdogo wangu. Nangoja mikono iniambie lini.”

Siku hiyo ya kumi na tisa karani alitoka kufunga mlango, akamwambia mlinzi, “Wajane hawa wanadhani machozi ni hati.” Uzi ukakosa tundu la sindano. Ukakosa tena. Mikono ya mshonaji ilitetemeka mpaka vifungo vikamwagika sakafuni. Akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, akasimama kizingitini.

“Mwanangu, umenikasirisha sana,” alisema, bila kupaza sauti. “Sitakugusa wala sitakutukana. Ila siondoki mpaka ufungue faili la mwenzangu.”

Watu wa benchi wakasimama mmoja mmoja nyuma yake. Mkobani nilikuwa na jiwe nililobeba tangu Jumatatu ili nivunje dirisha la ofisi hiyo. Nikalitoa. Mshonaji aliliona, akatazama chini, penye mlango. Nikainama, nikaliweka pale, mlango usifungike.