Siku Niliyomtoa Misenga Sonde

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini hapa Kamina, mkuu wa wauguzi alinipa ndoo na kitambaa. "Diploma yako wekea mama yako," akasema. "Hapa unaanza na matapishi." Nilikasirika, nikameza. Mwezi haukuisha nilikuwa najua kusoma ndoo: ya njano, ya kijani, ya rangi ya kahawa, kila moja na habari yake. Nyinyi wa leo mnaipiga picha, mnauliza simu. Haya, iulizeni.

Nilipita uzazini, nikatumwa Luena kuwatibu watu wa reli, kisha nikarudishwa Kamina niwe mkubwa wa chumba cha waliopasuliwa. Huko sheria ilikuwa moja: kungoja upepo. Mtu akipasuliwa tumbo, matumbo yanalala, na hali kitu mpaka ajambe. Kila asubuhi nilipita kitanda kwa kitanda nikiuliza, nao akina mama wanajifunika kitenge kwa aibu, mama mkwe yuko pale pale! Upepo ukitoka, tunafurahi wote, uji unaletwa. Kwa hernia na kwa wazazi waliopasuliwa, sheria hiyo haikuniangusha hata siku moja. Ndiyo iliyonitia kiburi.

Misenga alikuwa akiuza samaki wakavu wa Kinkondja. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na uvimbe kwenye ini upande wa kushoto. Daktari wa upasuaji alikuja toka Lubumbashi, akakata kipande kile cha ini. Alimwachia sonde, yaani mpira mwembamba unaopita puani mpaka kwenye mfuko wa chakula, ukimwaga maji yake katika chupa. Kabla ya kuondoka aliniita.

"Papa Kalenga, mufuko ya chakula iko jirani ya ini. Tukikata upande huu, inaweza kushikamana na kidonda, inakuwa muvivu. Matumbo ya chini inaamuka, yenyewe ingali inalala. Usiangalie upepo. Angalia chupa. Maji ikipunguka, hapo njo utoe sonde."

"Ndiyo, Dokta," nikajibu. Moyoni nikasema, huyu mtoto wa juzi ndiye atanifundisha kazi?

Siku ya nne Misenga akatoa upepo. Mama yake, Mama Mbombo, alipiga vigelegele vikasikika mpaka uani. Chupa ilikuwa bado inajaa maji ya kijani. Niliyapima mwenyewe, nikayaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, kwa mkono wangu, nikayamwaga. Sonde ilikuwa inamchoma koo, ananisihi niitoe. Nikaitoa.

"Mumupatie uji," nikamwambia mama.

"Papa, anasema tumbo imejaa."

"Ni woga tu. Akikataa, umubembeleze."

Akambembeleza, kijiko kwa kijiko, kama anavyolishwa mtoto aliyeachishwa ziwa. Mchana kwikwi ikaanza. Saa kumi Misenga alitapika akiwa amelala chali, matapishi yakaingia mapafuni. Nilimgeuza, nikarudisha sonde, nikavuta na kuvuta maji yake. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akafa.

Daktari mkurugenzi akaja. "Nani alimulisha?"

"Ni minyi, Dokta," akasema Mama Mbombo. "Na mukono yangu hii." Akaunyoosha auone.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, fishi kwapani. Mkurugenzi akaandika kwamba familia ilimlisha mgonjwa, nami nikatia sahihi chini. Niliogopa kupoteza cheo, basi. Msinitafutie sababu nyingine.

Baada ya hapo niliwafundisha wanafunzi habari ya chupa kwa ukali mpaka wakaniita Papa Chupa. Walicheka, nami nikawaacha wacheke. Kwa nini, sikuwaambia.

Siku hizi nimestaafu, na vijana wanaoanza kazi wananiuliza uuguzi unataka nini. Wanangoja niseme huruma. Huruma ninayo, na siku ile nilikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Ni mimi." Nilichelewa miaka mingi, lakini mwaka huu nilipanda baiskeli nikaenda kwa Mama Mbombo. Wajukuu wake wawili, watoto wa Misenga, wanaishi naye. Nilimweleza yote: chupa, fishi, sahihi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Tokea siku ile sikulisha mutoto hata moja," akasema. "Hawa bajukuu bangu bakiwa badogo, nilikuwa naita jirani njo abalishe. Bakilia njaa, minyi nakaa inje. Niliogopa mukono yangu."

"Unisamehe, Mama."

Akaendelea kuchambua. Kijana mmoja akatoka ndani, mrefu kama mlango, akachota bukari, ugali wetu, chunguni, akakaa, akala.

"Bamekomaa, Papa," akasema Mama Mbombo. "Sasa minyi nitamulisha nani?"