Bafu la Seremala

Mume wa mdogo wangu ni seremala, na mtaa mzima unafungua na kufunga milango aliyoitengeneza yeye. Bafu lake mwenyewe lina pazia. Pazia lenyewe ni shuka kuukuu la maua lililotundikwa kwenye waya, na upepo ukivuma kila aliyeko uani anageuza uso.

Si kwamba hajui. Ana mambo makubwa zaidi. Alisikia redioni kwamba mtu mwenye akili haanzi mwaka kichwa kichwa: anakaa, anajiuliza ni jambo gani analithamini kuliko yote, kisha anauendesha mwaka mzima kwa jambo hilo. Ushauri mzuri kabisa, ungemwangukia mtu mwingine. Shemeji akachukua ubao wa mninga, akachonga SUBIRA kwa patasi, herufi zimenona, akautundika sebuleni. Mwaka ule mdogo wangu akiuliza mlango, alionyeshwa ubao. Uliofuata ulikuwa KIASI: tusitake makuu, pazia linatosha. Halafu ukaja UTULIVU, na huo ulikuwa mbaya kuliko yote, maana hata kuuliza kulihesabika kelele.

Wengine huchagua jambo ili liwasukume. Shemeji huchagua la kukalia.

Safari hii mambo yalimgusa mama yetu. Macho yake yameingia ukungu, na daktari alimpa nafasi ya upasuaji mwanzoni mwa Januari, kisha awe anapelekwa kutazamwa kila asubuhi. Akiikosa nafasi hiyo, nyingine ni baada ya miezi mingi, na macho hayasubiri. Hospitali iko pua na mdomo na nyumba ya shemeji. Mimi ninapanga chumba kimoja ghorofani, upande wa pili wa mji, na ngazi zake hata mwenye macho mazima anazipanda akishika ukuta.

Mama alisema mara moja tu. "Nikaoge nyuma ya pazia kwa mkwe wangu? Acha nibaki na ukungu wangu." Na mama akishasema hivyo, imetoka.

Mchana wa siku ya mwisho ya mwaka tulikusanyika sebuleni. Shemeji kasimama na ubao mpya uliofunikwa kitambaa, utadhani anazindua daraja. Akafunua. UBORA.

"Mwaka huu sifanyi kitu nusunusu," akasema.

"Vizuri, baba watoto." Mdogo wangu alishaanza kutabasamu, masikini. "Kwa hiyo mlango wa bafu..."

"Ndiyo maana siwezi kuufanya sasa. Mlango wa mama mkwe si wa kulipualipua. Mbao lazima zikauke."

"Zitakauka lini?"

"Mbao hazisukumwi, mke wangu."

"Shemeji," nikamwambia, "huo ulioushika umekauka?"

"Huu? Umekauka sana."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Mwaka ulipoanza, siku ya pili yake, akatoka kwenda kununua vanishi. Mdogo wangu alisimama katikati ya sebule akiutazama ukuta.

"Dada, hizi si mbao kavu?"

Mimi na yeye hatujawahi kushika nyundo ila kwa kuvunjia mkaa. Tuliteremsha SUBIRA, KIASI, UTULIVU na UBORA, tukaokota vipande karakanani, tukavipigilia vyote pamoja. Misumari iliyopinda tuliilaza hivyo hivyo. SUBIRA ikatokea kichwa chini. UBORA tuliuweka katikati, ukakaa upande kama mlevi. Bawaba tulifunga za kabati. Chini palibaki pengo la kupita kuku, lakini mlango ulifunga.

Sasa, bafu liko uani, na uani ndiko wateja wanakopita kwenda karakanani. Shemeji alirudi ameongozana na mwanamke mmoja anayejenga, aliyetaka milango ya nyumba nzima. Yule mwanamke akasimama. Akautazama mlango wetu toka juu mpaka chini.

"Fundi, hii kazi yako?"

Shemeji alikuwa amepinda shingo, anaisoma SUBIRA.

"Mbao zake, maandishi yake," nikamsaidia. "Mwaka huu yeye ni ubora mtupu."

"Mh. Ngoja kwanza nikafikirie," mteja akasema, akashika njia.

Nilijiandaa kwa matusi. Hayakuja. Shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango, anapitisha kidole juu ya msumari uliolala, na uso wake ni wa mtu aliyekuta mwanawe kapigwa na wenzake.

"Nani anapigilia mninga bila kuutoboa kwanza?"

"Wenye mama," nikamjibu.

Akasonya, akainuka, akaanza kung'oa. Zile mbao zisizosukumwa zikakauka palepale. Alipiga randa siku mbili, hata chai alinywea kwa kusimama. Mkewe alimlilia mlango miaka, hakutikisika. Mama alikuwa anapofuka, hakutikisika. Msumari uliopinda ndio ulimnyanyua. Basi sasa tunajua anathamini nini, na hakuhitaji redio: anathamini asionekane fundi mbovu. Ni kidogo, lakini ndicho alichonacho, na kama angekichonga hicho ukutani tangu mwanzo, mdogo wangu angeoga kwa amani zamani.

Mlango ni mzuri. Siwezi kumnyima hilo.

Mama alifika jioni ya kuamkia upasuaji. Aliupapasa kwa kiganja, akatafuta komeo, akalisukuma huku na huku.

"Nani katengeneza?"

"Mkweo, mama."

"Kumbe anaweza," akasema, akaingia na ndoo yake. Tukasikia komeo likigonga, kisha maji.

Upepo ulivuma. Shemeji, aliyekuwa anapita na msumeno wake, akageukia ukutani kwa mazoea ya pazia, kichwa kakiinamisha, anangoja. Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Tukamwacha angoje.